Daraja Halina Nyota

Tumekaa sakafuni kwa Muzna, Mabela,
saa nne ya usiku, na nje bado tanuri.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni
tone, tone,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.

Budapesti. Siku nne, mwezi wa kumi na moja.
Muzna ndiye aliyelitaja jina kwanza,
Muzna wa kampuni ya mafuta,
anayeweza kusema "riali mia tisa"
bila kumeza mate.
Hoteli yake ina nyota tano na dirisha la mtoni,
na asubuhi wanaandaa jibini aina saba.
"Saba?" kauliza Shinuna. "Unazila kwa zamu?"

Mimi nimo katikati, kama kawaida yangu.
Mwalimu wa hesabu, mkopo wa gari,
mia nne nilizozificha benki nyingine
nisizione, nisizizoee.
Nataka chumba chenye kitasa changu, basi.
Mto nitauona nikitoka.

Shinuna ana mia mbili na arubaini, na daftari.
Za sambusa hizo, za Ramadhani mbili,
na mchezo alioupokea wa mwisho
kwa kuwapisha wenye shida watangulie.
Kila ukurasa kaupiga mstari kwa rula:
ndege ya manane, inayolala Istambuli;
kitanda cha juu, chumba cha wanawake wanane;
mkate, mtindi, tufaha;
maji ya bomba, "wanayanywa wenyewe, nimeuliza."
Tende za khalasi atabeba, kilo mbili.
Koti ataazima kwa wifi yake
aliyesoma Glasgow, hajalivaa tangu arudi.
Na chini kabisa, kwa wino mwekundu:
choo cha stesheni, baisa mia tano.

Muzna akasoma habari za mahamamu,
mabwawa ya maji moto chini ya anga,
kiingilio riali kumi na mbili.
Tukacheka mpaka mtoto akaamka:
hapa mwezi wa saba bomba la baridi
linakuunguza bure!

Kisha Muzna, kwa wema wake wote:
"Njoo ulale kwangu, kitanda ni kipana. Nitalipa."
Kimya. Tone, tone.
Shinuna akafunga daftari taratibu.
"Nikilala kwa pesa yako, mwenzangu,
nitaamka kwa saa yako."
Nikajitia kutafuta kalamu.

Lakini wa viza hawataki daftari.
Wanataka karatasi za benki, miezi mitatu,
na pesa za Shinuna zinaishi kwenye kopo la biskuti.
"Ziweke zote kesho," nikasema.
Muzna akatikisa kichwa: pesa ikizuka ghafla
wataiuliza imetoka wapi, imezaliwa na nani.
Shinuna akatutazama, mmoja baada ya mwingine.
"Kumbe hata pesa
huulizwa kabila."

Hakuna aliyecheka safari hii.
Sote tulishawahi kuulizwa.

Basi mwezi wa pili.
Baridi zaidi, bei chini zaidi,
Shinuna alikwishaliandika hilo ukurasa wa nyuma.
Muzna atabadilisha likizo, atanung'unika, atabadilisha.
Kila mtu atalala anapolala.
Saa tatu asubuhi tutakutana darajani,
lile la minyororo, upande wa simba wa kushoto,
mmoja kashiba jibini, mmoja kashiba tende,
na mimi sijui nitakuwa nimekula nini.
Daraja halina nyota. Halina kifungua kinywa.
Linavukwa tu.

Alhamisi nikampeleka kwenye mashine ya kuwekea pesa,
pale penye duka kubwa, karibu na mikokoteni.
Riali ishirini leo, kumi na tano wiki ijayo,
kidogo kidogo, zipate ukoo.
Noti ya tano ikarudishwa.
Ina doa la mafuta.
Akaifuta kwa ncha ya mtandio, akainyoosha pajani,
akairudisha.
Nyuma yetu mtu akakohoa.
Mashine ikafikiri, ikafikiri,
ikaimeza.